Mshahara, heshima au wito: kinachowavuta watu kwenye utumishi wa umma

Mei Mosi ya mwaka 2025, katika sherehe zilizofanyika mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Matangazo ya aina hiyo husubiriwa kwa hamu katika kila nchi ya Afrika Mashariki, na kila yanapotolewa huzua upya swali la zamani: je, ni mshahara unaomfanya muuguzi wa serikali akeshe na mgonjwa asiye ndugu yake, au ni kitu kingine ambacho hazina ya taifa haiwezi kukinunua?

Swali hilo si la wanazuoni peke yao. Linamhusu mjamzito anayefikishwa kwenye zahanati saa nane za usiku na kukuta mlango umefungwa. Linamhusu mtoto wa darasa la pili ambaye mwalimu wake yupo shuleni lakini hayupo darasani. Linamhusu pia mfanyabiashara anayeombwa kitu kidogo ili faili lake litoke kwenye kabati moja na kuingia katika jingine. Serikali ikikosea kujibu, anayelipa ni mwananchi.

Kazi ya kalamu

Shaka juu ya watu wanaoingia serikalini ni ya siku nyingi. Mwaka 1854 nchini Uingereza, Stafford Northcote na Charles Trevelyan walitoa ripoti maarufu iliyosema, kwa maneno makali, kwamba kazi za serikali zilikuwa zikiwavutia zaidi wavivu, wasio na uwezo na wale wasiotaka kuhangaika na ushindani wa maisha. Wakati huo nafasi zilitolewa kwa kujuana. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa mtihani wa wazi na kupanda cheo kwa sifa, na mtindo huo ndio uliosambazwa baadaye katika makoloni, ingawa kwa Mwafrika milango ya juu ilibaki imefungwa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kazi ya serikali ilikuja na sura nyingine kabisa. Utawala wa Wajerumani ulihitaji makarani na maakida waliojua kusoma na kuandika Kiswahili, na shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890 ilikuwa kisima chao. Kijana aliyetoka humo alivaa kanzu safi au suti, alishika kalamu badala ya jembe, na alipokea malipo kila mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliwarithi makarani hao. Mwaka 1922, palepale Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, kimojawapo cha vyama vya mwanzo kabisa vya Waafrika katika nchi hiyo. Chama hicho kilijishughulisha na maslahi ya wanachama wake, lakini pia kilikuwa mahali pa kukutana, kusoma na kutambuana kama watu wa tabaka moja. Tangu mwanzo, basi, fedha na heshima zilikwenda pamoja, na si rahisi kuzitenganisha.

Lugha yenyewe inabeba mkanganyiko huo. Kiswahili humwita mwajiriwa wa serikali mtumishi, yaani mtu anayetumika kwa ajili ya wengine, na neno hilohilo hutumika kanisani kwa mchungaji. Lakini mtumishi huyohuyo akiketi nyuma ya meza huitwa bwana mkubwa na wale wanaosubiri kwenye benchi. Majina yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja.

Nyerere na Ndegwa

Baada ya uhuru, nchi jirani za Tanzania na Kenya zilitoa majibu mawili yaliyopingana, na tofauti hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowataka wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na, kwa sehemu ya muda huo, kupokea asilimia 40 tu ya mishahara ambayo wangestahili. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika. Aliona kwamba kundi dogo lililosomeshwa kwa jasho la wakulima lilikuwa linadai malipo kabla ya kutoa huduma. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa chuoni, na Rais mwenyewe akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatolewa Azimio la Arusha pamoja na miiko ya uongozi: kiongozi wa chama au wa serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kumiliki nyumba ya kupangisha. Dhana iliyokuwa nyuma ya miiko hiyo ni kwamba utumishi ni wito, na kwamba mtu mwenye biashara pembeni hawezi kuwa na moyo mmoja.

Kenya ilifuata njia nyingine. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa ripoti yake mwaka 1971 na kukubali kwamba watumishi wa serikali wangeweza kumiliki mali na kufanya biashara zao huku wakiendelea na kazi. Hoja ilikuwa kwamba Waafrika wachache waliosoma wakati ule ndio walewale waliohitajika kuendesha serikali na kuingia katika uchumi uliokuwa mikononi mwa wageni. Tangu hapo wakosoaji nchini Kenya wamekuwa wakiitaja ripoti hiyo kama mlango ulioruhusu ofisi ya umma kugeuzwa duka.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Tanzania ilipatia na Kenya ikakosea, lakini mambo hayakwenda hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 uchumi wa Tanzania ulianguka, bidhaa zikaadimika, na mfumuko wa bei ukala mishahara mpaka ikawa haitoshi chakula cha familia kwa mwezi mzima. Watumishi walioapa kufuata miiko walijikuta wakifuga kuku nyuma ya nyumba, wakilima bustani, wakiuza maandazi na barafu kupitia kwa wake na watoto wao. Ilizaliwa lugha mpya ya miradi midogo midogo, na saa za kazi zikawa fupi bila tangazo lolote. Februari 1991, halmashauri kuu ya chama tawala iliyokutana Zanzibar ililegeza miiko hiyo. Wito peke yake ulikuwa umeshindwa kulipa karo na kodi ya nyumba.

Rushwa ya njaa na rushwa ya tamaa

Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilimkabidhi Rais Benjamin Mkapa ripoti juu ya kero ya rushwa nchini Tanzania. Jambo moja lililokumbukwa sana katika ripoti hiyo ni kutofautisha makundi mawili: wale wanaopokea rushwa ndogo kwa sababu kipato hakiwatoshi, na wale wa ngazi za juu ambao kipato kinawatosha lakini tamaa haiwatoshi. Kwa kundi la kwanza nyongeza ya mshahara inaweza kuwa tiba. Kwa kundi la pili haina maana yoyote.

Hata kwa kundi la kwanza, tiba hiyo haifanyi kazi kila mara. Mwaka 2010 serikali ya Ghana iliongeza mishahara ya polisi maradufu, kwa matumaini kwamba askari wangeacha kuwakamua madereva barabarani. Wachumi wawili, Jeremy Foltz na Kweku Opoku-Agyemang, walichunguza kumbukumbu za maelfu ya safari za malori katika barabara kuu za Afrika Magharibi, wakiwalinganisha polisi hao na maofisa wa forodha wa Ghana na polisi wa nchi jirani ambao hawakupata nyongeza. Walichokikuta kiliwashangaza wengi: polisi wa Ghana waliongeza juhudi ya kudai fedha, na jumla ya kiasi walichotozwa madereva kikapanda. Huenda ndugu walioomba msaada waliongezeka pamoja na mshahara, au huenda askari alijiona sasa ni mtu wa thamani kubwa zaidi. Kilicho wazi ni kwamba fedha iliongezwa huku usimamizi na adhabu vikibaki vilevile. Waswahili husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ghana iliongeza majani bila kuigusa kamba.

Nani anayejitokeza?

Wanazuoni kwa muda mrefu waliliangalia suala hili kutoka upande wa mtu aliye tayari kazini. Mwaka 1990, James Perry na Lois Wise wa Marekani walichapisha makala iliyobadilisha mwelekeo huo. Walidai kwamba wapo watu wenye ari maalumu ya utumishi wa umma, na kwamba ari hiyo ina mizizi mitatu: kupenda kushiriki katika uamuzi unaogusa maisha ya wengi, kuona ni wajibu kuitumikia nchi, na huruma kwa watu wengine. Tangu hapo swali likawa ni namna gani serikali itawapata watu hao na kuwaacha wengine.

Hapo ndipo penye mtego unaowatia wasiwasi viongozi wengi. Wanahofu kwamba wakitangaza mshahara mzuri na nafasi za kupanda cheo, watakaokuja mbio ni wenye uchu, na wenye moyo wa huruma watasukumwa pembeni. Kwa kifupi, hofu yao ni kwamba fedha inafukuza wito. Hoja hii ina mvuto, na imetumiwa mara nyingi kuhalalisha malipo duni kwa walimu na wauguzi. Lakini je, ni ya kweli?

Jaribio lililofanyika Zambia kuanzia mwaka 2010 limetoa jibu la kuaminika kuliko mengi. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa inaanzisha kada mpya ya wahudumu wa afya ya jamii watakaofanya kazi vijijini. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea. Sasa wangekuwa waajiriwa wa serikali, wenye mshahara na uwezekano wa kusomea uuguzi au utabibu hapo baadaye. Baadhi ya watu ndani ya wizara walikuwa na wasiwasi kwamba ajira rasmi ingeleta watu wasioijali jamii. Wachumi Nava Ashraf, Oriana Bandiera na wenzao wakashirikiana na serikali kulipima jambo hilo.

Wilaya 48 ziligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Katika wilaya 24, mabango ya kutangaza nafasi yaliwaambia watu: njoo uitumikie jamii yako. Katika wilaya nyingine 24, mabango yalisema: njoo ujipatie ujuzi na ujenge maisha yako ya kikazi. Kazi ilikuwa moja, mshahara ulikuwa mmoja, na sifa zilizotakiwa zilikuwa zilezile. Waliochaguliwa wote walipelekwa chuo kimoja mjini Ndola kwa mafunzo ya mwaka mmoja, na huko wote waliambiwa mambo yaleyale kuhusu nafasi za kupanda. Kwa hiyo tofauti yoyote iliyoonekana baadaye haikutokana na mazingira ya kazi. Ilitokana na watu wenyewe: bango la kwanza lilimvuta nani, na bango la pili lilimvuta nani.

Hofu ya wizara haikuwa ya bure kabisa. Bango la maendeleo ya kikazi lilivuta, kwa wastani, waombaji wenye moyo wa kijamii uliopungua kidogo. Lakini miongoni mwa waombaji wenye vipaji vikubwa tofauti hiyo haikuwepo: walikuwa hodari, na waliijali jamii kama wenzao. Na kwa kuwa kamati za uteuzi ziliwapendelea waombaji hodari, walioishia kuajiriwa walikuwa na vitu vyote viwili. Walipofika vijijini walitembelea kaya kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao, na walifanya mikutano ya uhamasishaji mara mbili zaidi. Watu wengi zaidi walikwenda kwenye vituo vya afya, na utapiamlo wa watoto ulipungua kwa asilimia 25 katika maeneo yao ukilinganishwa na maeneo ya kundi jingine. Ni vigumu, baada ya kusoma matokeo hayo, kuendelea kudai kwamba anayetaka kupanda cheo hawezi kumjali mgonjwa.

Utafiti wa Mexico wa mwaka 2011 ulielekea hukohuko. Serikali ya nchi hiyo ilipoajiri maofisa wa maendeleo katika wilaya maskini, baadhi ya vituo vilitangaza mshahara wa peso 5,000 kwa mwezi na vingine peso 3,750. Mshahara mkubwa ulivuta waombaji wenye uwezo zaidi, na hakukuwa na dalili kwamba ari yao ya kutumikia umma ilikuwa ndogo. Tena uliwafanya wengi zaidi wakubali kwenda.

Hapana budi pia kukumbuka kwamba wapo wanaoingia serikalini kwa sababu zisizohusiana na ari wala huruma. Ajira ya serikali ni ya kudumu, ina likizo ya uzazi, bima, mkopo unaodhaminiwa na hati ya mshahara, na mwisho wake kuna kiinua mgongo na pensheni. Kwa familia nyingi huo ndio ukuta pekee kati yao na umaskini. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika orodha ya malipo, na mwaka 2017 uhakiki ukafichua wengine 9,932 waliokuwa wamejipatia kazi kwa vyeti vya kughushi. Mtu haghushi cheti kwa ajili ya kitu kisicho na thamani.

Mwalimu bila chaki

Kuvuta watu wazuri ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo ngumu. Utafiti wa Benki ya Dunia katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ambao muhtasari wake ulichapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba walimu wa shule za msingi hawakuwepo madarasani kwa asilimia 44 ya muda. Sehemu kubwa yao walikuwepo shuleni. Walikuwa ofisini, chini ya mti, au wakishughulikia mambo mengine.

Ni rahisi kuwaita wavivu. Hata hivyo, jaribio lililofanyika Tanzania kati ya mwaka 2013 na 2014 linatoa picha isiyo rahisi. Shirika la Twaweza kupitia mpango wa KiuFunza, pamoja na wachumi waliokuwa wakishirikiana nalo, lilizihusisha shule 350 za msingi. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa ajili ya vifaa. Kundi la pili halikupewa ruzuku, bali walimu wa madarasa matatu ya mwanzo waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au hesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu.

Ruzuku peke yake haikuinua matokeo ya wanafunzi. Bakshishi peke yake ilileta mabadiliko madogo yasiyoonekana katika kila mtihani. Pale vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, tena kwa kiwango kilichozidi kile ambacho mtu angekipata kwa kujumlisha athari za kila kimoja. Mwalimu mwenye ari lakini asiye na vitabu huchoka, na mwenye vitabu lakini asiye na sababu ya kujibidiisha huviacha kabatini. Hili linaeleza kwa nini serikali nyingi zinazonunua madawati kwa mabilioni hazioni mabadiliko, na kwa nini pia hotuba za kuwahimiza walimu wawe wazalendo hazizai matunda.

Nchini Rwanda, ambako tangu mwaka 2006 mameya wa wilaya wamekuwa wakitia saini mikataba ya utendaji iitwayo imihigo mbele ya Rais, wazo la kumlipa mtu kulingana na kazi yake lilijaribiwa kwa walimu wa msingi walioajiriwa mwaka 2016. Hapo pia hofu ilikuwa kwamba watakuja wapenda fedha. Ni kweli waliojitokeza kwa mkataba huo walionekana kuwa na wito mdogo kidogo wakati wa kuajiriwa, lakini darasani hawakuwa dhaifu kuliko wengine. Na miongoni mwa walimu wote, waliokuwa chini ya mkataba huo walihudhuria zaidi, na wanafunzi wao wakajifunza zaidi.

Kuonekana

Kuna kichocheo kingine ambacho hakiigharimu hazina kitu kikubwa, na labda kwa sababu hiyo hakizungumzwi sana katika mikutano ya bajeti. Ni kule kuonekana na kutambuliwa.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, moja ya sehemu maskini kabisa za nchi hiyo. Kuanzia mwaka 1987 serikali ya jimbo iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya, wengi wao wanawake wasio na elimu kubwa, kwa mshahara wa kima cha chini na bila uhakika wa ajira ya kudumu. Kufikia mwaka 1992 vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Msomi wa Marekani Judith Tendler, aliyechunguza mpango huo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, alitaka kujua kwa nini watu waliolipwa kidogo hivyo walifanya kazi kwa bidii namna ile.

Majibu yake yalikuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo uzito wake ulipo. Maofisa wa jimbo walikwenda wenyewe katika kila mji kuwasaili waombaji mbele ya macho ya watu, hivyo aliyechaguliwa alijulikana kuwa amechaguliwa kwa sifa, si kwa kuwa shemeji wa meya. Waliokosa nafasi hawakutukanwa. Waliombwa kuwa walinzi wa mpango, kuripoti mhudumu asiyeishi katika eneo lake au asiyetembelea kaya. Wahudumu walivaa sare na begi mgongoni, redio ziliwasifu, na akina mama ambao mwanzoni walikuwa hawafungui milango wakaanza kuwaita kwa majina. Mhudumu aliyesifiwa aliona aibu kulegea.

Jambo linalofanana na hilo lilionekana mjini Lusaka, nje ya ajira rasmi ya serikali. Wasusi na vinyozi walioshirikishwa katika kampeni ya kuzuia ukimwi waligawanywa katika makundi: wengine walipata kamisheni ya fedha kwa kila pakiti ya kondomu za kike waliyouza, na wengine walipata nyota ya karatasi tu, iliyobandikwa kwenye bango ndani ya saluni ambapo kila mteja aliiona. Waliopewa nyota waliuza mara mbili ya wenzao. Hii haina maana kwamba muuguzi alipwe kwa nyota za karatasi. Nyota ilifanya kazi kwa sababu watu waliokuwa wakiiona ni watu ambao msusi alijali wanamfikiriaje.

Jirani anapolipwa zaidi

Upande wa pili wa heshima ni kudharauliwa, na hakuna njia ya haraka ya kumdharau mtumishi kuliko kumlipa pungufu ya mwenzake wanayekaa chumba kimoja. Uganda ililiona hilo mwaka 2022. Serikali ilipandisha mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari hadi shilingi milioni nne za nchi hiyo kwa mwezi, ikisema taifa linahitaji wanasayansi. Walimu wa historia, lugha na dini waliachwa palepale walipokuwa. Juni mwaka huo waligoma. Mshahara wao haukuwa umepunguzwa hata senti moja. Kilichobadilika ni nafasi yao mbele ya wenzao, na hicho kilitosha.

Kwa Waswahili walioko Omani, hadithi hii ina sura ya nyumbani. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said alipowaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi, waliotoka Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki walikuta serikali isiyo na watu waliosoma. Wengi walizungumza Kiswahili na Kiingereza vizuri kuliko Kiarabu, na bado wakajaza nafasi katika wizara, hospitali na sekta ya mafuta. Kwa baadhi yao, waliopoteza mali na makazi baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, kazi ya serikali ilikuwa zaidi ya riziki: ilikuwa ushahidi kwamba wamekubaliwa. Miaka arobaini baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Vijana waliandamana mjini Sohar mwaka 2011 wakidai kazi, na Sultani akaagiza ziundwe nafasi 50,000. Huko, kama ilivyo katika nchi nyingine za Ghuba, kijana mzalendo hulinganisha saa fupi na usalama wa ofisi ya serikali na masharti ya kampuni binafsi, kisha huamua kusubiri.

Nchini Kenya kusubiri kumekuwa na uchungu mwingine. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba uliotiwa saini mwaka 2013. Mkataba huo haukuhusu mishahara pekee. Ulitaka pia madaktari waongezwe, vifaa vipatikane na fedha za utafiti zitengwe, mambo ambayo yanamhusu mgonjwa kama yanavyomhusu daktari. Viongozi wa chama chao walipelekwa jela kwa muda kwa kudharau amri ya mahakama. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza, ambako mwajiri wao mkubwa ni serikali vilevile, kupitia huduma ya taifa ya afya. Wanaoondoka hawauachi utumishi wa umma. Wanaubadilishia anwani.

Mwaka 2024 mgomo mwingine uliendelea kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na safari hii kiini cha mzozo kilikuwa madaktari wanafunzi wa mwaka wa mazoezi, ambao serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 zilizokuwa katika mkataba. Wengi wao walikuwa wamemaliza chuo na kukaa nyumbani kwa miezi wakisubiri kupangiwa hospitali. Serikali iliukubali mkataba huo mwezi Desemba, miezi saba baada ya mgomo kumalizika.